Adapta ya Nani Hii?

Ofisi yetu ya kuchapa vitabu na kadi za harusi hapa Dar es Salaam ina fundi kompyuta mmoja, naye ndiye mimi. Lakini ruta ikigoma, wote huwa mafundi kuanzia mhasibu hadi dereva, na mimi nabaki mtazamaji.

Iligoma Mei 2024, na haikuweza kuchagua wakati mbaya zaidi. Nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika huko kusini, karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Kwa hiyo mafaili yalipokataa kufunguka ofisini, bosi hakuhitaji uchunguzi. Alikwishasikia redioni.

"Ni nyaya za baharini, kijana. Tuvumilie."

Nikamweleza kwa adabu kwamba mafaili yetu hayavuki bahari. Yanakaa kwenye seva ya kuhifadhia iliyo chini ya meza ya mhasibu, hatua chache kutoka pale alipokuwa amesimama. Akaitazama meza, akanitazama mimi, akauliza, "Sasa kama yapo hapo, mbona hayafiki?"

Swali zuri kuliko alivyodhani. Seva ile ina diski nne, zimepangwa ili moja ikifa data isipotee. Tulizinunua kwa mbwembwe, hata wateja waliambiwa. Ila njia ya kuzifikia zote nne ilikuwa moja tu: ruta ya bei poa, inayokula umeme kupitia adapta ambayo hakuna aliyekumbuka ilinunuliwa lini. Akiba yote tuliiweka kwenye diski. Njia ya kuzifikia tukamwachia Mungu.

"Taa si inawaka?" akauliza mhasibu.

Inawaka, mama.

"Basi ni nzima."

Taa za ruta zimegombanisha watu wengi. Zinachosema ni kwamba umeme umefika na waya umeshika. Kama kifaa kina akili timamu, hizo ni habari nyingine. Yetu ilikuwa ikijizima na kujiwasha kila watu walipoanza kazi, halafu saa ya chai inatulia tuli. Ndivyo inavyofanya adapta iliyochoka. Imeandikwa volti 12, na kazi ikiwa ndogo inazitoa kweli, lakini mzigo ukizidi volti zinashuka, ruta inaanza upya, na faili la mtu linapotelea katikati. Mhasibu hakukubaliana nami. Yeye alishaona kwamba ruta inachukia idara ya usanifu.

Nikasema tununue adapta. "Tununue" ni neno zito ofisini kwetu. Dereva akaliwahi kwa kuzama kwenye kasha la adapta za vifaa vilivyokwishatupwa, nyeusi zote, zimesokotana, hakuna yenye jina. Akaibuka na moja ya kompyuta mpakato, volti 19, kichwa chake kinafanana na kile cha ruta kama pacha. Nilisoma namba nikapiga kelele, lakini bosi alikwishatikisa kichwa kukubali.

"Si umeona? Imeingia vizuri tu," akasema dereva.

Kweli iliingia. Ikatoka harufu. Ruta iliyokuwa mgonjwa ikawa marehemu, na "tununue" ikarudi na bei kubwa zaidi.

Kariakoo muuzaji aliniuliza swali moja: "Unataka ya antena ngapi?" Bei zilipanda kwa antena. Mimi nilitaka kujua kama matundu ya waya ni ya megabiti 100 au ya gigabiti, maana kitabu chenye picha nyingi kikipitia tundu la megabiti 100, msanifu anamaliza chapati mbili kabla hakijafunguka. Muuzaji akanihakikishia kwamba zote ni orijino.

Niliifunga nikaipa anwani ileile ya marehemu, 192.168.1.1, ili seva isijue kuna msiba. Mafaili yakafunguka. Aliyenipongeza ni mama wa chai.

Asubuhi iliyofuata ofisi iligawanyika. Waliokaa upande wa dirisha, wengi wao walikuwa wanaiona seva. Wa upande wa mlangoni hawaoni kitu, na ukizima kompyuta ukaiwasha tena, aliyekuwa anaona anapofuka na kipofu anaona. Dalili hii ina jina moja tu: kuna ruta ya pili. Kazi mojawapo ya ruta ni kugawa anwani kwa kila kompyuta inayoamka. Zikiwa mbili, ni kama mtaa wenye wajumbe wawili wa nyumba kumi, kila mmoja anagawa namba zake za nyumba, na anayewahi kuitikia ndiye anayesikilizwa. Kompyuta zilizopewa anwani zinazoanza na 192.168.0 zilikuwa mtaa mwingine, seva haziijui.

Nikaenda kwenye swichi, kile kisanduku kinachotoa nyaya za kompyuta kwenye ruta, nikachomoa waya mmoja baada ya mwingine mpaka fujo ikakoma. Waya wa mwisho nikaufuata ukutani, ukanipeleka chini ya meza ya bosi, nyuma ya katoni la kalenda. Hapo palikaa ruta kutoka nyumbani kwake, antena zimesimama wima. Aliileta asaidie.

"Vijiti vya Wi-Fi vyote vimejaa," akaniambia, "lakini intaneti hakuna. Hivi zile nyaya hazijatengenezwa bado?"

Bosi haambiwi kwamba yeye ndiye hitilafu. "Mzee," nikasema, "hii yako ina nguvu mno kwa ofisi yetu. Inazidi ile nyingine." Akafurahi. Akaichomoa mwenyewe, akairudisha nyumbani kwa heshima zote, na hadi leo anawasimulia wageni.

Nawe msomaji, kesho ukifika kazini chukua kalamu ya wino usiofutika, andika kwenye kila adapta jina la kifaa chake na volti zake. Itakayokosa mwenyewe mpe fundi. Usimpe dereva.