Matembezi na Utalipa

Unyambwa hakuna mtu anayetembea tu. Watu wanatembea, tena sana, lakini kila safari ina kazi yake: kuchota maji, kutafuta ndama aliyepotea, kupeleka alizeti kukamuliwa, kumjulia hali mgonjwa, kudai. Ukikutana na mtu njiani, baada ya shikamoo na habari za nyumbani utaulizwa, "Unakwenda wapi?" Ukijibu "Natembea", jibu hilo halipokelewi. Utaulizwa tena, safari hii kwa sauti ya upole, ile wanayosemeshwa wagonjwa.

Hayo nilikuwa nayajua. Aliyenitia tamaa ni binamu yangu aliyeko Minnesota, Marekani. Kila majira yao ya joto yakifika hunitumia video akiwa na mbwa wake hifadhini. Kule vijia vina vibao, ramani iko langoni, mbwa lazima awe kwenye kamba isiyozidi futi 6, na mwenye mbwa huokota kinyesi cha mbwa wake. Watu wanakutana, wanatabasamu, wanapishana. Hakuna anayemuuliza mwenzake anakwenda wapi.

Basi likizo ya Julai ikanikuta kwa mjomba, Unyambwa, nikaona na mimi nitembee. Hifadhi za taifa tunazo 21, lakini mbwa haruhusiwi kuingia, na hata angeruhusiwa, chui wa mle wana mapenzi yao na mbwa ambayo si haya ya Minnesota. Unyambwa haina lango wala kiingilio. Kwenye makaratasi ni kata ya Manispaa ya Singida. Ukifika utapishana na ng'ombe kabla hujapishana na gari. Njia za ng'ombe zinakatiza mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, zinazunguka yale mawe makubwa ambayo wataalamu wa miamba wanasema yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, kisha zinagawanyika bila kumwambia mtu. Kiangazi chetu nacho kina tabia yake: asubuhi baridi, mchana jua, na upepo kutwa nzima. Upepo wenyewe ni ule ambao watu wa umeme wameupigia hesabu miaka mingi, nao mpaka leo unapeperusha kofia tu.

Mbwa nilipewa na mjomba. Jina lake Utalipa.

Zamani mjomba alimkopesha jirani ng'ombe dume, na jirani akawa mtu wa kesho. Mjomba hakwenda kwa mwenyekiti wala mahakamani. Alichukua mtoto wa mbwa, akampa jina, na kila jioni wakati wa kumlisha akasimama upande wa uzio wa yule jirani akaita kwa sauti ya kutosha. Jirani alilipa, kisha akahama. Mbwa akabaki na jina.

Nilianza na kamba. Utalipa alikuwa hajafungwa tangu azaliwe. Alipoona kamba akakaa chini, akamtazama mjomba. Mjomba akanitazama mimi. "Amekosa nini?" akauliza. Sikuwa na jibu, nikamfungua. Akachomoka na kupotelea nyuma ya nyumba za watu, nami nikaingia njiani nikiita, "Utalipa! Utalipa!"

Hapa msomaji anahitaji kujua nilivyovaa. Kofia pana kwa ajili ya jua. Begi mgongoni lenye maji na mihogo ya kuchemsha. Mkononi daftari na kalamu, maana nilitaka kuandika majina ya ndege. Ukijumlisha sura hiyo na sauti ile, unampata afisa wa mikopo ya kausha damu aliyefuata marejesho.

Nyumba ya kwanza nilikuta sufuria inachemka jikoni na hakuna mtu hata mmoja. Nyumba ya pili akatoka mtoto, akasimama wima, akasema, "Mama amesema hayupo." Nyumba ya tatu mzee mmoja alinifuata mwenyewe, akanipa noti ya shilingi 10,000 iliyokunjwa vizuri.

"Nyingine Jumamosi," akasema.

"Shikamoo mzee. Mimi sidai mtu. Namwita mbwa."

Akalitazama daftari. Akatazama huku na huku, mbwa haonekani. "Sawa," akasema. "Basi andika humo kwamba nilileta, ukakataa." Akasimama pale mpaka nikaandika. Akaomba niweke na tarehe.

Utalipa alijitokeza baadaye kidogo, ili ajisaidie katikati ya njia. Nikakumbuka adabu za Minnesota. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo nilikuwa na mfuko wa kaki uliokuja na maandazi. Nikainama, nikaokota kwa jani. Nyuma yangu watoto wachungaji walisimamisha mbuzi wao ili watazame vizuri. "Anakibeba!" mmoja akapiga kelele. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na kuni kichwani akauliza, kwa nia njema kabisa, hiyo samadi ya mbwa huko mjini tunapandia zao gani.

Habari zilimfikia mwenyekiti wa mtaa kabla sijafika kwenye mawe. Akanikuta njiani na baiskeli yake.

"Kijana, unakwenda wapi?"

"Natembea, mwenyekiti."

"Na nani?"

"Na Utalipa."

"Nani atalipa?"

"Utalipa."

"Mimi? Nalipa nini?"

Tuliendelea hivyo kwa muda. Alipoelewa hatimaye kwamba ni mbwa, hakucheka. Alikuja na swali ambalo kiongozi yeyote mwangalifu angeuliza: amechanjwa? Akanikumbusha kwamba kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, na kwamba aliyeng'atwa huosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kisha hukimbilia hospitali. Nikamwambia cheti cha chanjo kiko kwa mjomba. "Na mbwa mwenyewe yuko wapi?" Mbwa mwenyewe alikuwa juu ya mawe, amewaona pimbi.

Pimbi ni mnyama wa kutoshea kwenye kikapu, ingawa wataalamu wa wanyama wanasema katika ukoo jirani yake ni tembo. Ujirani huo ameurithi kwenye kiburi. Alimsubiri Utalipa akaribie, akapiga kelele za kumzomea, akaingia kwenye ufa wa jiwe. Utalipa akaingiza kichwa, kichwa kikagoma kutoka. Ilibidi nipande. Mbigili zikanipokea chini, upepo ukanipokea juu na kuichukua kofia. Nilimvuta mbwa kwa miguu ya nyuma huku pimbi wengine wamejipanga kwenye jiwe la pili, wametulia, wanaangalia. Alipotoka hakunishukuru. Alishuka mbio kuelekea nyumba iliyokuwa karibu, nami nyuma yake nikiita jina lake mpaka sauti ikakauka, wala hakugeuka.

Kuku wa Singida wana jina nchi nzima. Hupakiwa kwenye matenga wakasafirishwa hadi Dar es Salaam. Utalipa hakuona haja ya safari hiyo. Nilipofika uani, mtetea alikuwa tayari mdomoni mwake, na mwenye nyumba amesimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba nitaitikia baadaye. Mbwa wako huyu?"

"Wa mjomba."

Akanyoosha mwiko kunielekea, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili: "Utalipa!"

Mbwa akadondosha kuku papo hapo, akamkimbilia, akakaa miguuni pake huku anatikisa mkia.

Yule mama alimtazama mbwa, akanitazama mimi. "Utalipa!" akarudia, na mbwa akatikisa mkia zaidi. Bei ikawa shilingi 25,000, kuku nimchukue. Nililipa bila kubishana; aliyekuwa akinibana hakuwa yule mama peke yake, hata mbwa alikuwa amehamia upande wake.

Njia ya kurudi ilikuwa nyepesi. Kuku alining'inia mkononi, Utalipa alinifuata nyuma bila kamba wala kuitwa, pua yake imeelekea kwenye mkono ule. Milango ilikuwa wazi. Yule mzee wa Jumamosi alinisalimia yeye kwanza, akauliza ninatoka wapi.

"Kununua kuku."

Uso wake ukakunjuka. Nami nikawa mtu mwenye safari inayoeleweka. Akamshika kuku bawa, akampima uzito kwa mkono, akauliza bei. Nikamwambia.

"Elfu ishirini na tano?" akasema. "Umepigwa."