Nimenunua Udongo, Nikapewa Ndago

Mtu akikwambia amepanda nyasi mbele ya nyumba hapa Kansanga na sasa anakaa barazani anakunywa chai huku akizitazama, muulize ni Kansanga ipi hiyo. Hii yetu ya nyuma ya Barabara ya Ggaba ina mvua za Machi hadi Mei, halafu ina za Septemba hadi Novemba, na katikati hapo, panapoitwa kiangazi, pia hunyesha. Wazungu wanaoandika vitabu vya bustani wana baridi kali inayowaulia magugu bure kila mwaka. Sisi ikweta inapita pale Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka. Gugu la huku halijui likizo.

Na usidhani magugu yangu yalikuja yenyewe. Niliyanunua. Ukitaka nyasi Kampala, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kumwaga udongo mweusi, kwa kuwa huu mwekundu tuliopewa na Mungu eti haufai. Lori likaja usiku (kwa nini udongo husafiri usiku, hilo nalo lina safu yake), likamwaga, dereva akahesabu fedha, akasema "Webale, ssebo," akaondoka. Tukapanda pasipalamu, kichaka kimoja kimoja, na nafasi kati ya kimoja na kingine kama desturi ilivyo. Mvua ilipopiga, hata kabla pasipalamu haijashika mizizi, zile nafasi zote zilikuwa zimeshapata mpangaji: ndago.

LeRoy Holm na wenzake, waliotoa kitabu kuhusu magugu mabaya kuliko yote duniani mwaka 1977, waliiweka ndago namba moja. Mimi nimeipokea getini na nauli nikalipa.

Ubaya wake uko chini. Ukiing'oa kwa mkono unapata majani na kipande cha shina cheupe, unajiona mshindi. Huko ardhini limebaki kokwa jeusi, ukubwa wa mbaazi, na kutoka kwenye kokwa hilo umetoka uzi mgumu unaokwenda hadi kokwa jingine, na kutoka hapo hadi jingine. Sasa wewe piga jembe. Nyuzi zinakatika, na kila kokwa linajiona limepata uhuru wake: linachipua. Kwa hiyo jembe mahali penye ndago ni njia ya kuipanda upya. Kinachofaa ni jembe uma, baada ya mvua udongo ukiwa laini: unainua bonge zima, unalivunja taratibu kwa vidole, unaokota kokwa moja baada ya jingine. Na urudi tena, maana yamebaki. Kiuno chako utakijua.

Bila shaka kila apitaye ana ushauri. Kijana anayenikatia nyasi ana mmoja tu: "Mzee, tupige dawa." Dawa zimejaa pale Container Village, chupa za kila rangi. Lakini glaifosati, hiyo inayouzwa zaidi, haina macho. Itaua ndago na pasipalamu yangu pamoja. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Tena utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu dawa hizo hapa Uganda ulikuta karibu chupa moja kati ya tatu haina hata robo tatu ya nguvu iliyoandikwa. Yaani unanunua sumu, na hata sumu yenyewe unapunjwa! Halafu maji ya mvua ya mtaa huu yanateremka ziwani, na maji ya bomba ninayopikia chai yanavutwa ziwani hukohuko, Ggaba. Hapana. Asante.

Basi wakaja wa tiba asilia. Mmoja akasema siki. Siki ya dukani ni asilimia 5 ya asidi; inaunguza majani ya juu yanakuwa ya kahawia, unapiga picha, unawatumia ndugu. Makokwa huko chini hayana habari. Mwingine akasema chumvi. Chumvi inaua, sikatai, ila inaua udongo pia, na mimi sikutaka kufungua uwanja wa kukaushia dagaa. Maji yanayochemka ni mazuri kwenye nyufa za saruji pale getini. Kwa kiwanja kizima, bei ya mkaa ilivyo, afadhali ninunue zulia. Kule Marekani, Nick Christians wa Iowa State University alipata hataza mwaka 1991 ya kunyunyiza gluteni ya mahindi ili mbegu za magugu zisishike mizizi. Mahindi! Nikaonekane namwaga posho kwenye majani mchana kweupe, na wanafunzi wa chuo kikuu wanapita hapo nje na njaa zao?

Kwenye vitalu vya maua mambo yalikuwa nafuu. Nilipanda karanga pori, zile za maua ya manjano zinazotambaa, asili yake Brazili, na mapengo nikafunika kwa maganda ya kahawa, unene wa kiganja. Mbegu isiyoona jua haina ujanja. Palipobaki wazi pakaota dodo, yaani mchicha, na hilo likamalizwa na mama wa jirani, ambaye huingia na beseni bila hodi. "Ssebo, mboga yako nzuri," anasema, akiing'oa na mizizi yake. Hiyo ndiyo palizi ya asili niliyoiona ikifanya kazi bila malipo. Ila huwa anamalizia na nasaha: ardhi yote hii, kwa nini nisipande lumonde? Marando ya viazi yangefunika kila kitu na watu wangekula. Sijapata jibu la kumpa, nami natafuta kwa bidii.

Kinachonichosha kweli ni unyoaji. Nyasi zikiachwa na urefu wa sentimita saba hivi, zinatia kivuli, na gugu changa linakosa mwanga. Hilo halihitaji chupa wala siki. Lakini kijana wangu hajui kukata, anajua kunyoa. Anashusha mashine hadi udongo uonekane, nyasi zinabaki na vipara vya manjano, na kwenye kila kipara ndago wiki ijayo imesimama wima. Nikimwambia aziache ndefu ananihurumia.

"Mzee, nyoka wataingia."

"Nyoka gani wa kujificha kwenye sentimita saba?"

"Wapo wadogo."

Suruali yake yenyewe imejaa vishona nguo alivyovitoa nyumba aliyotoka: mbegu nyeusi nyembamba, kila moja na miiba yake miwili mitatu kichwani. Anavipangusa kwa kiganja, palepale, juu ya nyasi zangu, akiendelea kunifundisha habari za nyoka.

Kwa hiyo nawaomba wakata nyasi wote wa Kansanga, Kabalagala na Bunga: pandisheni magurudumu ya mashine, na suruali zikung'utwe nje ya geti. Hao nyoka wadogo niachieni mimi.