Namna ya Kuibiwa Simu kwa Kiingereza Bila Kutekwa Nyara

Simu ikichomolewa mfukoni ndani ya daladala, nawe ukalazimika kumweleza mgeni asiyejua Kiswahili, usiseme "They stole me." Ataelewa kwamba wezi wamekubeba wewe, na atashangaa umefikaje mbele yake. Usiseme pia "I was stolen my phone", hata kama umeisikia kwa watu wenye shahada. Sema "My phone was stolen", kisha endelea kulalamika kwa uhuru.

Kosa hili halitokani na ujinga. Linatokana na kukijua Kiswahili vizuri. Kitenzi chetu "iba" humtaka mwizi na kitu kilichoibwa, basi. Lakini tukikitia kauli ya kutendea tunapata "ibia", na hapo mwenye mali anaingia kwenye sentensi akiwa yambwa kamili: wameniibia. Akishakuwa yambwa, hakuna wa kumzuia kuwa kiima cha kauli ya kutendwa: nimeibiwa. "Steal" haina kiambishi cha kumwingiza mtu huyo. Yambwa yake ni kile kilichochukuliwa, kwa hiyo ukijiweka hapo, umechukuliwa.

Ukitaka mtu awe yambwa, hamia kwenye "rob": "They robbed me." Ila chunga, "rob" ina mabavu ndani yake. Sheria ya wizi ya Uingereza ya mwaka 1968 inaeleza kosa hilo kuwa ni kuiba kwa kutumia nguvu au kumtisha mtu. Aliyechomolewa simu akisinzia dirishani abaki na "steal". Aliyewekewa panga shingoni ana haki zote za "rob".

Hatua inayofuata ni ya msiba, na ndiyo inayonifanya niipende sarufi yetu. "Kufa" hakina yambwa, wala "die" haina. Lakini Kiswahili huongeza sauti chache, na aliyebaki hai anapata nafasi yake: amefiwa. Usijaribu kulivusha neno hilo kwa kusema "I was died." Kiingereza hakina mlango huo; sema "My father died" au "I lost my father". Mvua ni afadhali. "Tulinyeshewa" huvuka salama, mradi uilipie kwa kihusishi: "We were rained on." Ukiisahau "on", sentensi inaanguka.

Sasa unaweza kuzijua istilahi. Kitenzi elekezi huhitaji yambwa. Kitenzi si elekezi hakiipokei. Kamusi ya Kiswahili Sanifu huvitia alama "ele" na "sie". Darasani tulifundishwa kuuliza "nini?" au "nani?" baada ya kitenzi, na swali hilo husaidia hadi linapokutana na "fika". Alifika nini? Stesheni. Basi mwanafunzi anaandika "He arrived the station", naye amefuata maelekezo. "Reach" hupokea stesheni moja kwa moja. "Arrive" hudai "at". Kipimo bora ni kuigeuza sentensi iwe ya kutendwa: "The station was reached" inasimama, "The station was arrived" haisimami. Hata kipimo hicho kina mkaidi wake: "have" ni elekezi, lakini hakuna anayesema gari lake "is had".

Vitenzi vingine vipitie haraka. "Discuss" haitaki "about". "Enjoy" inataka yambwa, kwa hiyo baada ya harusi sema "I enjoyed myself" au taja ulichokifurahia, iwe pilau au taarabu. Ukiwa na shaka, fungua kamusi ya wanafunzi utafute T (elekezi) na I (si elekezi) kando ya kitenzi. Kazi hiyo ya kuonyesha kila kitenzi kinajengaje sentensi inamdai shukrani A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, ambaye yeye na wenzake walitoa kamusi yao Tokyo mwaka 1942. Oxford wakaitoa upya mwaka 1948.

Ninachowaomba walimu ni kuanzia kwenye mdomo wa mtoto, kabla ya ubao. Mtoto anayesema "kikombe kimevunjika" badala ya "nimevunja kikombe" anaujua uelekezi kuliko kitabu cha kiada, na ana sababu nzuri ya kuujua. Sisi tunabadilisha mwisho wa kitenzi: vunja na vunjika, fungua na funguka, angusha na anguka. Kiingereza huacha "break" na "open" zifanye kazi zote mbili bila kubadilisha nguo, ndiyo maana msomaji lazima aitafute yambwa mwenyewe.

Pale Kiingereza kinapobadilisha, kinabadilisha kwa vurugu. "Lala" na "laza" ni "lie" na "lay", jozi ya kale kabisa, ila wakati uliopita wa "lie" nao ni "lay". Jana nilimlaza mtoto: "laid". Jana nililala chini: "lay". Wenyewe Waingereza na Wamarekani hujikwaa hapa, hivyo jifunze taratibu bila haya. Na daktari akikuuliza ulikuwa unafanya nini maumivu yalipoanza, jibu "I was lying down." Ukisema "I was laying" ukaishia hapo, umetumia kitenzi sahihi kabisa cha kuku anayetaga.