Kanga na Mzee Supu

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mwezi wa Julai, baridi ya Arusha inakata masikio, nami nimechutama nyuma ya mparachichi nimeshika upawa. Namsubiri mbwa akojoe. Mbwa mwenyewe ni dume la Dalmatian tuliloliita Kanga kwa ajili ya madoa yake, na leo ananusa kila jani kana kwamba ameangusha pete. Dirishani yuko binti yangu Neema, miaka kumi na mmoja, ambaye tunamwita Daftari. Kalamu iko tayari, anasubiri namba. Mlangoni amesimama mama mkwe. Haangalii mbwa wala haniangalii mimi. Anaangalia upawa. Ameutambua.

Msomaji mwenzangu, wewe uliyeoa mke mmoja ukaamka na ukoo mzima sebuleni, najua tayari umenionea huruma. Lakini kisa chenyewe kinaanzia mbali, kwenye meza ya baba mkwe wangu.

Baba mkwe ni Mzee Supu. Jina walimpa wanawe wenyewe, mimi nimelikuta. Kwa miaka arobaini hakuanza siku bila bakuli la supu ya utumbo na vipande vya maini, ndimu na pilipili pembeni. Alipostaafu wakahamia kwetu yeye na mama, na kwenye mizigo yake mlikuwa na barua ya daktari: ana jongo. Asidi ya yuriki imezidi kwenye damu, hivyo aache maini, figo, utumbo, dagaa na pombe. Mzee aliisoma barua ile mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akaitia ndani ya Biblia. Haikuonekana tena.

Mwaka huohuo mke wangu, Kamanda, alirudi kutoka Nairobi kikazi akiwa na kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na mtoto wa mbwa na cheti cha ukoo wake, mababu na mabibi wameandikwa kizazi baada ya kizazi. Mzee Supu alivaa miwani akakisoma chote. Akasema, "Mkwe, ukoo wetu haujawahi kuandikwa hivi."

Kanga alituonyesha tabia zake mapema. Kwanza, hakuna chombo kinachotoka getini bila yeye kukisindikiza. Mbegu hii kule Uingereza ilifugwa ikimbie sambamba na magari ya kukokotwa na farasi. Huku kwetu farasi hakuna, kwa hiyo anasindikiza bodaboda ya shemeji mpaka dukani. Pili, ukimwita ukiwa getini, anakimbilia jikoni. Kamanda alisema ni ukaidi, nami sikubishana, maana nyumbani kwangu hukumu ya Kamanda haina rufaa.

Kumbe si ukaidi. Daktari wa mifugo alitufafanulia baadaye kwamba jeni zilezile zinazompa Dalmatian weupe wake zinaweza kulinyima sikio la ndani chembe za rangi, na sikio lisilo na chembe hizo hufa wiki chache baada ya mbwa kuzaliwa. Kule Marekani, walipopimwa kwa wingi, karibu 30 kati ya kila 100 walikutwa hawasikii sikio moja au yote mawili. Mwenye sikio moja anasikia vizuri tu, ila hajui sauti inatoka upande gani. Kumgongea sufuria nyuma ya kichwa hakusaidii, maana sikio zima hulifichia siri sikio bovu; uhakika hupatikana kwa kipimo kinachonasa mawimbi ya ubongo kila sikio linapopewa sauti peke yake. Daktari anashuku la kushoto. Tangu siku hiyo hakuna aliyemfokea tena, na tunamwita kwa mkono.

Sasa turudi mezani. Nina shemeji, Shemeji Kesho, kwa sababu kila deni lake hulipwa kesho. Kila Ijumaa alikuwa akimletea baba yake "magazeti" kwenye mfuko mweusi. Magazeti yale yalikuwa yakinukia kitunguu. Yalikuwa maini ya kukaanga, na dagaa wa Kigoma wakavu. Mzee alikula kwa siri chumbani, na kwa kuwa hakuzoea kula peke yake, Kanga akawa mgeni wake. Walikaa humo wawili, mlango umerudishiwa, kimya kama wanaosali.

Ijumaa moja usiku mambo yakafumuka. Mzee aliamka kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, hata shuka likikigusa anapiga yowe. Wakati tunahangaika na barafu, mwanetu mdogo, Bwana Kwanini, miaka sita, akaja na pajama zake: "Baba, kwa nini Kanga anainua mguu bure?" Tukatoka na tochi. Kanga alikuwa ameinua mguu kwenye tairi, anajikamua, anatetemeka, na kilichotoka ni tone moja la damu.

Wagonjwa wawili, gari moja. Mzee mbele, mguu juu ya mto. Kanga nyuma mapajani mwa Kamanda, Neema na daftari lake kando. Tulimwacha Mzee hospitali na Shemeji Kesho, tukamgongea mlango daktari wa mifugo. Eksirei ikatoka safi kabisa. Daktari hakuridhika, kwani vijiwe vya aina hii mara nyingi havionekani kwenye eksirei. Akaweka ultrasaundi, na hapo tukaviona kama punje za ulezi. Njia ya mkojo ya dume hupita kwenye mfupa usiotanuka, na punje zilikuwa zimekwama hapo. Akapitisha mpira wa mkojo, akazisukuma kwa maji zirudi kibofuni. Kanga alipopata kukojoa, Kamanda wangu, mwanamke asiyelia msibani, alilia.

"Anakula nini, Mama Neema?" daktari akauliza.

"Wali, mayai na mboga," Kamanda akajibu kwa uhakika wote.

Neema akafungua daftari. "Ijumaa," akasoma, "Babu amempa maini vipande vitatu. Dagaa, mkono mmoja. Ijumaa iliyopita, maini vipande vinne." Mtoto alikuwa ameandika yote tangu mwanzo. Hakuna aliyemuuliza.

Ndipo daktari akatuketisha. Mbwa wengine huivunjavunja asidi ya yuriki kwenye ini na kuitoa ikiwa kitu kinachoyeyuka kwa urahisi. Sisi binadamu kimeng'enya cha kazi hiyo hatuna kabisa. Dalmatian anacho, lakini jeni ya mlango unaoiingiza asidi ndani ya ini ina kasoro, kwa hiyo asidi huishia kwenye mkojo. Kasoro hiyo ilibainika mwaka 2008, kwenye jeni iitwayo SLC2A9, na wote wa ukoo safi wanayo kwa pande zote mbili, baba na mama. Si wote wanaopata vijiwe, ila wote wanabeba. Jeni hiyohiyo kwa binadamu inachangia kupandisha asidi ya yuriki na kuleta jongo. Kamanda akanitazama. Nikajua anamwaza nani.

Zaidi ya hapo, nikasikia jambo lililonigusa. Mwaka 1973, Mmarekani mmoja, Robert Schaible, alimpandisha Dalmatian na Pointer mara moja tu, kisha akawarudisha watoto kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi, madoa yakarudi na jeni nzima ikabaki. Wenye vyeti waliwakataa kwa miaka mingi wakidai ukoo umechafuliwa. Chama kikuu cha mbwa cha Marekani kiliwakubali mwaka 2011. Miaka 38, msomaji, mbwa wanaumia, watu wanalinda karatasi.

Kwa Kanga wetu dawa ni nidhamu: maji mengi, chakula kikilowekwa maji, atolewe nje mara nyingi, mkojo upimwe. Mkojo ukiwa mchachu na mzito vijiwe hujijenga. Akaandikiwa pia dawa iitwayo alopurinoli. Baada ya wiki kadhaa, kidole kilipotulia, Mzee Supu naye akaandikiwa alopurinoli. Kila mmoja na dozi yake kutoka kwa daktari wake, na kopo lake. Daktari wa mifugo alisisitiza kwamba mbwa akinywa dawa hiyo huku bado anapewa maini, anaweza kupata vijiwe vya aina nyingine.

Neema akabandika karatasi kwenye friji. Safu mbili, BABU na KANGA, chini yake VISIVYOLIWA. Zilifanana neno kwa neno, isipokuwa upande wa Babu kulikuwa na pombe.

Ndiyo maana niko nyuma ya mparachichi. Kanga hatimaye anainua mguu, naingiza upawa, nachovya karatasi ya kupima uchachu. Njano inasogea kuwa kijani. "Saba!" napaza sauti. Neema anaandika. Mama mkwe anaingia ndani bila neno. Nilimnunulia upawa mpya siku hiyohiyo. Aliupokea, akaufungia kabatini kwake.

Jioni Mzee alisimama mbele ya friji kwa muda mrefu. "Baba yangu alivimba kidole hikihiki," akasema. "Tukaambiwa amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Akamshuku jirani. Hawakusalimiana mpaka baba anakufa." Akanyamaza. "Kumbe alikuwa mgonjwa tu."

Hakuna aliyejua la kusema. Neema akachukua kalamu, akachora safu ya tatu, akaandika jina la baba wa babu yake, akavuta mstari kushuka kwa Babu, na mwingine kushuka kwa Mama. Kamanda akaipokea kalamu, akaandika kando ya jina lake siku atakayokwenda kupima damu. Shemeji Kesho alikuwapo. Akaandika leo.

Mzee akavaa miwani, akasoma karatasi yote kama alivyokisoma kile cheti. Akasema jina la baba yake limekosewa herufi moja. Neema akalifuta, akaliandika upya.