Liingize Kwenye Friji Likiwa Moto

Unataka wazo jipya? Basi uwe na haraka, uwe na mshindani, na nafasi iwe finyu. Wanaokushauri ukakae ufukweni usubiri fikra zikushukie wana nia njema, lakini Erasto Mpemba hakuipata yake ufukweni. Aliipata mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, Lushoto, akigombania pa kuweka maziwa.

Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Utaratibu ulijulikana: chemsha maziwa, tia sukari, subiri yapoe, ndipo uyaingize kwenye friji. Mwenzake mmoja aliona nafasi zinakwisha, akaingiza yake bila hata kuyachemsha. Mpemba naye akaona akingoja yapoe ataikosa nafasi, akayasukumia ndani yakiwa moto. Saa moja na nusu baadaye yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Sasa zingatia, maana hapa ndipo mawazo mengi mazuri yanapoliwa kwa kijiko. Mtu wa kawaida angeifurahia aiskrimu na kwenda zake. Wewe ile, kisha uliza. Mpemba alimuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Jibu la namna hiyo lipokee kwa mikono miwili: limekuonyesha mahali ambapo hakuna aliyehangaika kuchungulia.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mtafute mtu anayeifanya kazi hiyo ili apate mkate wake. Mpemba alikuwa na rafiki aliyetengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia pasipo kushangaa kwamba huingiza mchanganyiko ukiwa moto ili ugande haraka. Kumbe mtaani jambo lilijulikana, tena lilikuwa linaingiza pesa! Ninaamini kabisa kwamba nusu ya mawazo tunayoyasaka kwa taabu yamekaa hivyo hivyo kwa watu wanaofanya kazi kwa mikono, yakingoja mtu mmoja aulize kwa nini. Ukivutiwa na ladha, nenda ukaoshe sufuria kwa mama lishe hadi akuzoee. Ukivutiwa na sauti, shinda kwa fundi redio. Usiende na daftari siku ya kwanza. Mtu akiona kalamu huanza kusema anayodhani unataka kuyasikia.

Kisha jitayarishe kuchekwa, na uchekwe sawasawa. Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, alimuuliza mwalimu mwingine swali lilelile. Akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo, akikosea hata kusoma jedwali la logi, alikuwa akisikia kwamba hizo ni hesabu za Mpemba, na darasa zima likaudaka utani huo. Ukibandikwa jina kwa sababu ya swali lako, litunze. Leo wanafizikia duniani kote wanaliita jambo lile athari ya Mpemba.

Lakini kuchekwa peke yake hakugandishi kitu. Siku moja Mpemba alikuta maabara ya biolojia iko wazi na mwalimu hayupo. Akachukua vyombo viwili vidogo vya sentimita za ujazo 50, kimoja akakitia maji ya bomba, kingine maji ya moto, akaviweka kwenye friza. Baada ya saa moja hakuna kilichoganda chote, ila barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye kile cha maji ya moto. Lilikuwa jaribio dogo mno, la maji matupu. Ndivyo jaribio la kwanza linavyotakiwa kuwa: liishe kabla mwenye ufunguo hajarudi. Wazo unalolisubirishia mtaji, ofisi na jina zuri la kampuni linapoa mezani, na likishapoa hata wewe mwenyewe hukumbuki lilikuvutia kwa lipi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakungoja turubai wala rangi za mafuta kutoka Ulaya. Alichukua vipande vya ubao wa dari na rangi ya baiskeli, na picha akaziuza karibu na Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, na katika miaka hiyo michache alikuwa ameshawafundisha wengine mtindo ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Ukishapata hata kipimo kimoja mkononi, subiri mgeni mkubwa aje, umharibie ratiba. Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alialikwa kuzungumza Mkwawa. Mpemba akasimama: maji ya ujazo sawa, haya nyuzi 35, yale 100, mbona yaliyoanza na 100 yanaganda kwanza? Wenzake waliona amewaaibisha. Osborne akamuuliza kama amelijaribu mwenyewe, na jibu lilikuwa tayari: ndiyo. Bila vile vyombo viwili, swali lingefia palepale.

Osborne alirudi Dar es Salaam akamwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba ya moto kweli yaliganda kwanza, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 makala ilichapishwa katika jarida la Physics Education kwa majina mawili, Mpemba na Osborne. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa uhifadhi wa wanyamapori Mweka, karibu na Moshi.

Na usingoje wote wakubali. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya jambo hili, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza wakapima upya, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba linatokea. Wengine wanashikilia kwamba lipo. Mabishano yanaendelea, nafasi ya kuingia imebaki, na vifaa vyake ni friji, maji na vyombo viwili vinavyolingana.