Saruji, Santuri na Wateja wa Sukari

Plasta ya saruji haielewani na ukuta wa mawe na chokaa. Hilo limethibitika upya wiki hii katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, Zanzibar, ndani ya duka la zamani lililogeuzwa makazi ya santuri, redio za valvu na saa za ukutani. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mbele ya wageni waalikwa, kiganja kimoja ukutani, akiwasimulia jinsi alivyoliokoa jengo. Bamba la plasta lenye upana wa mlango likamshukia begani, likateleza hadi kwenye sahani ya sambusa. Mzee mmoja wa mtaa alisema, "Pole, mwanangu," kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiisubiri plasta hiyo tangu siku ilipopakwa.

Kuta za maduka haya zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, mchanga na udongo, na unene wake hufika nusu mita au hupita. Chini hakuna kitu cha kuzuia maji. Unyevu hupanda kutoka ardhini, ukuta huunywa, kisha huutoa nje kupitia chokaa, na hivyo ndivyo nyumba ilivyokaa miaka mia bila kumwomba mtu ruhusa. Saruji huziba njia hiyo. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, yakibeba chumvi ambayo mawe hayo, kwa kuwa asili yake ni bahari, wala hayana uhaba wake. Maji yakikauka, chumvi hugeuka fuwele nyuma ya plasta na kuisukuma, taratibu na bila kelele, hadi siku ya wageni. Plasta inapoanguka haiendi peke yake. Hung'oa na uso wa jiwe.

Chokaa ndiyo kitu cha kustaajabisha kuliko vyote vilivyomo dukani, na kama haki ingetendeka ingewekwa ndani ya kabati la kioo, redio zikae nje. Matumbawe hupangwa juu ya magogo na kuchomwa. Joto likifika karibu nyuzi 900, jiwe huachia kaboni dioksidi iliyokuwa ndani yake na kubaki jepesi, jeupe na lenye hasira. Likimwagiwa maji huchemka lenyewe, bila moto, na fundi husogea pembeni. Uji unaopatikana hulazwa shimoni kwa wiki, hata kwa miezi. Kadiri unavyolala ndivyo unavyolainika. Ukishapakwa, huanza kuivuta kutoka hewani ile kaboni dioksidi iliyopotea tanuuni, na kidogo kidogo huwa jiwe tena. Fundi anayejua hupaka tabaka jembamba, akangoja, akapaka jingine. Kazi hiyo haiharakishwi kwa pesa wala kwa kugombana. Hapo ndipo saruji inaposhinda kesi: mfuko unapatikana kona ya pili, na ukuta hukauka kabla mwenye nyumba hajapata nafasi ya kubadili mawazo.

Juu ya kuta hizo hulala boriti za mikoko, nazo ndizo zilizoamua ukubwa wa vyumba. Mkoko haurefuki kwa matakwa ya mwenye nyumba, kwa hiyo chumba kinaweza kuwa kirefu kama ukumbi lakini upana wake ukaishia mita tatu na ushei. Mkusanyaji anayekuja na makabati aliyoyapima kwa macho hugundua kwamba baada ya kuyapanga pande mbili, katikati hubaki njia ya mtu mmoja, naye apite kwa ubavu. Zaidi ya hayo, ncha za boriti zimezama ukutani. Ukuta ukizibwa kwa saruji, ncha hukaa kwenye unyevu mwaka mzima na kuoza mahali ambapo hakuna anayeziona.

Kuhusu hili kicheko kina mpaka. Beit-al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililo mbele kabisa ya mji huo, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Mji wenyewe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Urithi ni wa dunia. Gharama ya plasta ni ya mtu mmoja. Mwenye duka hudaiwa kibali akitaka kubadili dirisha, na ni sawa adaiwe, lakini akiuliza atampata wapi fundi wa chokaa huonyeshwa mzee mwenye magoti mabovu. Kijana aliyepaswa kumrithi mzee huyo aliona kwamba kuchanganya zege kunalipa jioni ile ile, akaenda kuchanganya zege. Nani wa kumlaumu? Hakuna aliyemlipa asubiri chokaa ilale.

Makusanyo nayo yana mitego yake. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu wadogo waishio kwenye matawi ya miti huko India, uliochanganywa na unga wa mawe. Unga huo huisaga sindano ya chuma ili ienee vizuri kwenye mfereji wa sauti, ndiyo maana sindano hubadilishwa karibu kila upande. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, nyimbo zilibidi zikubali kukatwa, maana upande mmoja wa santuri hubeba dakika tatu hivi, na taarabu katika dakika tatu ndiyo kwanza inakaa kitako. Utomvu ule huyeyuka kwenye spiriti. Msaidizi wa usafi aliifuta santuri moja kwa spiriti. Ikatoka safi, na bila wimbo.

Redio ya valvu iliwashwa, ikatoa moshi, kisha harufu.

Saa za ukutani, kila moja ikiwa na msimamo wake, hugonga saa sita ya usiku kwa karibu robo saa nzima. Jirani ameshatuma ujumbe mara mbili, wa pili bila salamu.

Limebaki suala la mlango. Duka la aina hii halina ukuta wa mbele. Lina mbao za kukunja, na nje yake kuna baraza. Mbao zikifunguliwa ili makusanyo yapate hewa, mtaa mzima huelewa kwamba duka limefunguliwa. Watoto hutumwa sukari. Mtu mzima huingia, huitazama gramafoni kwa heshima, kisha huuliza kama mkaa umeshaletwa. Kibao cha "Hapauzwi kitu" kilizidisha wateja, kwa kuwa kilisomwa kama dalili kwamba bidhaa zimeadimika na zilizopo zimefichwa. Sasa kabati la chini, lile lililonunuliwa kwa ajili ya kamera, lina sukari iliyofungwa nusu kilo nusu kilo, na ndilo kabati pekee humo ndani linaloingiza pesa.