Wastani wa Darasa: 45,936

Wastani wa Kidato cha Pili B katika jaribio la Jiografia ni 45,936. Jaribio lilikuwa la alama kumi. Namba hiyo ilikaa ukutani, pana kama mlango, mbele ya mkuu wa shule, walimu wote na projekta iliyoazimwa kanisani, hadi mwalimu wa Hisabati alipokohoa na kuuliza, "Mwalimu, hiyo ni alama au salio?" Tangu siku hiyo, kila nikiingia ofisini ananisalimia, "Shikamoo Tajiri."

Kilichonifikisha ukutani ni mafunzo ya takwimu ya mtandaoni, ambayo tumeambiwa yatatutoa kwenye daftari la alama na kikokotoo. Kishikwambi ninacho, aina ileile iliyohesabu Watanzania 61,741,120 katika sensa ya 2022 kabla ya kugawiwa walimu. Nikajiambia kifaa kilichoimudu nchi nzima hakiwezi kushindwa na Kidato cha Pili B. Mwalimu wa mazoezi aliyesahihisha alikuwa amenitumia alama kwa simu: 7/10, 4/10, 9/10 na kuendelea. Kikaoni nikazinakili, nikazibandika kwenye jedwali, nikateremka hadi mwisho wa orodha na kuandika amri ya wastani. Jibu likaja: 06-Okt.

"Ndiyo siku waliyofanya?" mkuu aliuliza kwa upole.

Nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyemaliza moduli ya tatu, kwamba hilo ni suala la mwonekano tu. Nikachagua "Namba". Ndipo utajiri ukashuka.

Sasa sikilizeni, maana jambo lenyewe ni la ajabu kuliko aibu yake. Programu ya majedwali ikiona 7/10 haioni saba juu ya kumi. Inaona tarehe saba mwezi wa kumi, na haikuulizi. Inaubandika mwaka uliopo, ambao kwangu ulikuwa 2025, kisha inakuonyesha tarehe, huku ndani ikitunza idadi ya siku tu. Siku ya 1 ni 1 Januari 1900. Ukihesabu kuanzia hapo, 7 Oktoba 2025 ni siku ya 45,937. Mwanafunzi wangu aliyepata saba amewekewa siku zote hizo kwenye akaunti bila kujua.

Na hesabu yenyewe si safi. Ndani yake mna siku ya 60, yaani 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuchomoza jua popote. Mwaka wa karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400, kwa hiyo 2000 ulikuwa mrefu na 1900 haukuwa. Programu ya Lotus 1-2-3, iliyotoka 1983, iliuhesabu 1900 kuwa mrefu. Waliofuata wakalibeba kosa hilo kwa makusudi ili majedwali ya zamani yasivurugike. Sisi tuliohangaishwa na uhakiki wa watumishi hewa tunaijua sura hiyo: siku hewa, imo kwenye orodha mpaka leo, na hakuna aliyeiita ije na vyeti vyake.

Nisionekane mshamba peke yangu, wataalamu wa jeni yaliwakuta. Walikuwa na jeni zinazoitwa SEPT1 na MARCH1, na kila zikiingia kwenye jedwali zinageuka kuwa siku za Septemba na Machi. Uchunguzi wa 2016 ulikuta kwamba karibu makala moja kati ya tano zilizoambatanisha orodha za jeni kwa majedwali hayo ilikuwa na makosa ya namna hii. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikasalimu amri: SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Watu wenye maabara wamebadilisha majina ya vilivyomo ndani ya damu yetu ili wasigombane na jedwali. Mimi mwenye chaki ningeshinda kwa lipi?

Utamu ni kwamba alama zangu hazikupotea. Zote ziliangukia Oktoba moja, hivyo 1/10 ni 45,931 na 10/10 ni 45,940. Toa 45,930 na kila mtoto anarudishiwa haki yake. Nikamwandikia hesabu hiyo mwalimu wa taaluma. Akatoa, akapata 6, akafurahi, akaituma kwa afisa elimu kata.

Ya baada ya hapo ni madogo. Fomu ya mahudhurio niliyoiacha wazi mtandaoni ilijazwa na mwanafunzi aitwaye "Mheshimiwa Ugali". Namba za simu za wazazi nazo ziliingia jedwalini, na programu ikala sifuri ya mwanzo ya kila moja.

Hiyo sifuri ndiyo iliyonirudisha kwenye orodha. Hakuna tarehe sifuri ya mwezi wa kumi. Kwa hiyo 0/10 programu iliiacha ilivyo, ikaihesabu kuwa maneno, na amri ya wastani huruka maneno bila kumwambia mtu. Waliopata sifuri hawamo katika ile 6. Chukua wanafunzi kumi: saba wamepata sita, watatu sifuri. Wastani wa kweli ni 4.2, ambayo kwa viwango vya Baraza la Mitihani ni asilimia 42, yaani D. Waruke wale watatu, inakuwa asilimia 60, yaani C. Darasa limepanda daraja bila mtoto yeyote kufungua kitabu.

Namba 45,936 haina madhara, kwa sababu kila aliyeiona alicheka. Ile 6 hakuna aliyeicheka, na hakuna atakayeirudisha. Nilitaka kutuma marekebisho, nikaambiwa muda wa kupokea takwimu umefungwa. Hata ungekuwa wazi, bando la kutumia ni la mshahara wangu. Kata inasubiri wastani, wilaya inasubiri wastani wa wastani, na huko juu hakuna anayeuliza nani kaachwa nje ya hesabu. Masomo ya ziada yatapangiwa madarasa yaliyo chini ya C. Waliopata sifuri Kidato cha Pili B hawatayapata, kwa kuwa darasa lao limefaulu.